Mashine Iliyofiwa

"Haiguswi," alisema Alisi, akasimama katikati ya mlango wa duka akaujaza.

Sajini mpelelezi Nuwa alichungulia juu ya bega la mama huyo. Ndani, kati ya rola za turubai na makopo ya gundi, mashine kubwa ya kuchapia mabango ilikuwa imefunikwa shuka la maua kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Juu ya shuka palikuwa na kofia ya kiume. Kofia hiyo ilikuwa ya Danieri, mume wa Alisi, mchapaji wa mabango aliyejulikana Bwera nzima mpaka presha ilipomwangusha mwanzoni mwa mvua.

"Mama, nina kibali cha kupekua," alisema Nuwa.

"Wewe iko na kibali. Mimi niko na matanga."

Nuwa alikuwa mtu wa Kabale, mkazi wa kambi ya polisi Kasese, na sifa yake kubwa kambini ilikuwa ubishi. Alibishana na wakubwa, alibishana na redio. Lakini mjane hashindwi kwa kelele, na hilo alilijua. Akavua kofia yake, akaketi kwenye ngazi ya duka bila kukaribishwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Juma lililopita lori lilikamatwa Mpondwe, milangoni limebandikwa stika kubwa za Mkono wa Faraja, shirika la msaada ambalo magari yake hayasumbuliwi sana mpakani. Ndani hamkuwa na blanketi wala unga. Mlikuwa na maboksi ya krimu za kung'arisha ngozi, zile zilizopigwa marufuku, zinazowachubua watu nyuso. Stika zilikuwa za bandia. Wakala mmoja wa forodha aitwaye Benon alitoa maelezo kwamba aliziona kwa macho yake zikichapwa katika duka hili, na aliyezichapa ni Evas, binti wa marehemu. Sasa Evas alikuwa mahabusu, na gari la kumpeleka rumande Kasese lingeondoka jioni hiyo hiyo. Mtu akishafungiwa rumande, kesi yake huanza kutambaa, na Nuwa hakutaka ya huyu itambae.

Hakuwa na huruma tu mkononi. Alikuwa na kitu.

Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mjini akitazama mabango, hadi wenye maduka wakadhani anatafuta nyumba ya kupanga. Alitazama la shule, la zahanati, la kanisa, la wakulima wa kahawa wa Kyondo. Yote yalichapwa na Danieri, na yote yalikuwa na kasoro moja: kila penye rangi ya buluu palipita mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ukijirudia kwa nafasi ile ile. Kisha alitoa kwenye bahasha kipande cha ile stika ya lori. Buluu yake ilikuwa nzima kabisa. Kilichoharibika kwenye stika kilikuwa wekundu, uliochanikachanika kama nguo iliyopita kwenye miiba.

"Mama," alisema Nuwa kutoka pale ngazini, "ule mstari mweupe kwenye mabango ya mzee ulitoka wapi?"

Alisi alishangaa kuulizwa. "Ile ni turubai ilijikunja siku moja, ikapiga kichwa ya mashine. Ikavunja kitu ndani. Mimi nilimwambia, Danieri, nunua kichwa ingine. Akasema, hakuna mtu anasoma bango na pua."

"Haikutengenezwa?"

"Haiponi hiyo. Iko vile mpaka leo."

"Sasa sikiliza. Stika za lori zina nembo mpya ya lile shirika, na nembo hiyo ilitoka mzee ameshazikwa. Kama zilichapwa hapa, zilichapwa baada ya mazishi. Kabla ya mazishi mashine ilikuwa na kovu. Leo ikichapa mbele ya macho yetu na kovu lile lile, basi katikati hapo haikuwa nzima. Stika si zake. Na kama stika si zake, binti yako hakuzichapa."

Alisi alielewa, hilo lilionekana usoni. Lakini hakuondoka mlangoni.

"Afande, kwa ukoo yetu chombo ya marehemu haiguswi mpaka ndugu wakae, wamalize matanga, waseme nani anashika. Ndugu yake mkubwa iko Kyondo juu, barabara imekatwa na maporomoko. Nikigusa peke yangu, watu watasema nimeanza kugawa mali ya mtu kabla udongo haijakauka."

"Mpigie."

Alimpigia. Mzee Baluku, ndugu wa Danieri, alisikika kwenye simu akikohoa, kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Walizungumza Lhukonzo, na Nuwa aliyeishi wilayani miaka mingi akaona aibu kwamba alikuwa akijua neno moja tu la lugha hiyo, la kushukuru. Alisi aliposhusha simu alikuwa amelegea mabega.

"Amesema marehemu hawezi kukataza mtoto wake atoke kwa kifungo. Mashine ifunguliwe. Lakini ifunguliwe na mkono ya mtoto wa nyumba. Na mtoto wa nyumba ni mmoja."

"Evas."

"Evas."

Nuwa alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa Ashiraf, fundi wa mashine za uchapaji anayetegemewa na Kasese nzima, maana hata mashine ikifunguliwa, bila fundi ni kazi bure.

"Leo haiwezekani, afande," alisema Ashiraf. "Niko Katunguru, naumwa kichwa na mashine ya mteja hapa. Wekundu wake hautaki kuja tangu mvua ianze. Kesho kutwa labda."

Kesho kutwa Evas angekuwa rumande. Nuwa akakata, akampigia mkuu wa kituo, afande Lillian, mwanamke aliyelelewa kambini, aliyezoea kusema jambo mara moja tu.

"Mshukiwa kushika kielelezo? Sajini, umelewa?"

"Afunue shuka tu, afande. Halafu akae mbali na pingu zake. Wewe mwenyewe uwepo."



"Nakuja naye," alisema Lillian. "Benon pia nakuja naye, maana yuko hapa anasubiri gari la Kasese kama shahidi. Ukinipotezea muda, utaandika barua ya maelezo mpaka mkono ukauke."

*

Evas alishuka kwenye gari la polisi, gauni limekunjamana, nywele zina vumbi la sakafu ya mahabusu. Mama yake hakumkimbilia. Aliziba mdomo kwa kiganja, akabaki amesimama. Askari alimfungua mkono mmoja, na binti akaingia dukani taratibu. Akachukua kofia ya baba yake, akampa mama yake. Akalikunja shuka vizuri, pindo kwa pindo. Halafu akaiambia mashine maneno machache kwa Lhukonzo, kwa sauti ndogo. Nuwa hakuuliza maana yake.

"Basi," alisema Lillian. "Kaa kule."

Evas alikaa kwenye benchi la wateja, mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye mguu wa benchi. Benon alibaki nje, amejiegemeza kwenye gari, viatu vyake vinang'aa kuliko kawaida ya Bwera.

"Fundi yuko wapi?" Lillian aliuliza.

"Fundi ni mimi," alisema Nuwa.

"Na hilo shati jeupe?"

"Litafuliwa, afande."

"Na nani? Mkeo nampa pole mapema."

Kabla hajaanza, Lillian aliinama pembeni ya mashine, mahali ambapo kichwa cha kuchapia hupumzika juu ya pedi yake. Akagusa pedi kwa kidole. Akakinusa kidole. Akamwonyesha Nuwa: kilikuwa kimelowa.

"Mahabusu," alisema Lillian, "umetuambia mashine hii haijaguswa tangu baba yako afariki."

"Haijaguswa, afande."

"Mbona pedi ni mbichi?"

Evas alijiinua kwenye benchi, pingu ikamrudisha. "Sijui, afande. Haki ya Mungu sijui."

"Hujui. Dawa ya kusafishia inajimwaga yenyewe."

Mashine iliyotunzwa kwa siri ni mashine iliyotumika kwa siri, hivyo ndivyo mwendesha mashtaka angesema, na Nuwa mwenyewe angesema hivyo kama angekuwa upande ule. Alimgeukia Evas kumuuliza tena, lakini sauti ilitoka nyuma yake.

"Ni mimi," alisema Alisi.

Wote wakageuka. Mama huyo alikuwa ameishika kofia ya mumewe kwa mikono miwili.

"Danieri alikuwa anasema, hii mashine ikikaa na kiu inakufa kama mbuzi ya kamba. Kila siku ya soko nilikuwa natia dawa kidogo pale. Sikufunua shuka, afande. Nilipitisha mkono chini."

"Kwa nini hukusema?" Nuwa aliuliza.

"Niseme nini? Niseme mimi ndiye nimegusa chombo ya marehemu? Baluku iko anasikia kila kitu mpaka huko juu."

Evas alianza kucheka na kulia kwa pamoja, pale pale kwenye benchi. Lillian alimtazama Alisi sana, kisha akafuta kidole chake kwa kitambaa. "Onyesha ulivyofanya," aliamuru. Alisi akalishikilia shuka juu ya ukingo wa mashine kama lilivyokuwa, akapitisha mkono chini yake mpaka kwenye kiwiko, na kidole chake kikafika kwenye pedi tu, hakikufika kwenye swichi wala pa kuingizia turubai. Lillian akakubali kwa kichwa. Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Anza kazi, Sajini."

"Vaa glavu kwanza, afande," alisema Evas kutoka kwenye benchi. "Hii wino haitoki kwa mkono. Dawa iko chini ya meza, jerikeni nyeupe. Bomba la sindano iko kwa droo."

Mirija ya wino ilikuwa minne, mmoja kwa kila rangi, ikitoka kwenye chupa nyuma ya mashine mpaka juu ya kichwa. Nuwa alifungua wa kwanza kama alivyoelekezwa, akachomeka bomba la sindano, akavuta. Wino mweusi ulikuja mzito kama uji uliolala.

"Mwaga kwa beseni. Rudisha dawa, ngoja kidogo, vuta tena," alisema Evas. "Utarudia mpaka itoke safi. Ukichoka hapo, ni wewe umechoka, wino haijachoka."

Alirudia mpaka vidole vikamfa ganzi. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa maji. Manjano haikumsumbua. Nyekundu ndiyo iliyomkosea adabu: mrija uligoma, Nuwa akavuta kwa hasira, ukachomoka ghafla na kumrushia kifuani.

"Polepole!" alipiga kelele Evas, kisha akakumbuka yuko na pingu. "Samahani, afande. Ukivuta na nguvu hewa inaingia, tunaanza upya."

"Shati limekwenda," alisema Lillian kwa utulivu.

Buluu ilikataa kabisa. Alivuta, na bomba likajirudisha lenyewe kama mtu aliyepokonywa kitu chake.

"Hii imekufa," alisema Nuwa.

"Haijakufa. Ipe dawa, uiache. Baba alikuwa anaiacha anakunywa chai."

Wakaiacha, na Alisi akaleta chai ya maziwa. Akampa afande Lillian, akampa Nuwa, akampa askari mlinzi. Kisha, bila kuomba ruhusa, akakaa kwenye benchi karibu na binti yake na kumpa kikombe, akamtengeneza nywele kwa vidole akitoa vumbi. Lillian aligundua ghafla kwamba kuna jambo la kutazama barabarani.

Nuwa alipojaribu tena, tone moja la buluu lilitokea kwenye mrija, likafuatwa na lingine, halafu wino wote ukaja. Alifurahi kupita kiasi, na hakuona aibu. Akarudisha mirija mahali pake, akajaza wino mpya aliouonyeshwa kwenye rafu, akabonyeza swichi. Mashine ilikohoa. Kichwa kikatetemeka, kikaenda kulia, kikarudi kushoto. Jaribio la kwanza lilitoka na mapengo kama mdomo wa kizee. Evas akamwambia aiamuru ijisafishe tena. La pili likatoka na visanduku vinne vya rangi, na wote wakainama juu yake.

Nyeusi nzima. Manjano nzima. Nyekundu nzima, imeiva. Na katikati ya buluu, uzi mweupe.

Nuwa alitandaza kando yake bango kuukuu la mashindano ya mpira aliloazima shuleni asubuhi. Akapima kwa rula. Uzi ulikuwa pale pale. Akaweka na kipande cha stika, chenye buluu nzima na wekundu uliochanika.

"Kovu kabla, kovu baada," alisema. "Katikati hapa, stika isiyo na kovu. Afande, si mashine hii."

Lillian alitazama kwa muda. "Nakuamini," alisema. "Lakini mimi si hakimu. Nani alikuelekeza kusafisha mirija?"

Nuwa alitazama kule kwenye benchi.

"Mshukiwa. Wakili wa serikali atasema hivi: binti aliuacha mrija wa buluu nusu chafu kwa makusudi, akakuchezesha wewe kama mwanasesere, ukatoa mstari anaoutaka. Utamjibu nini?"

Ilimuuma Nuwa kwa sababu ilikuwa kweli. Angeweza kuleta mtaalamu kutoka Kampala akathibitisha kwamba kichwa kimevunjika, si kuziba, lakini mtaalamu huchukua wiki, na gari lilikuwa nje.

"Nitanawa mikono," alisema Nuwa.

*

Alisi alimpeleka nyuma ya duka, kwenye nyumba yao, akamletea ndoo na sabuni ya unga. Nuwa alisugua vidole alivyosahau kuvivika glavu, na wino ulikataa kutoka. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na ukutani lilining'inia bango la mazishi, la turubai, refu kama mlango wenyewe. Danieri alikuwa amesimama humo amekaza uso, amevaa tai iliyoonekana wazi si yake, nyuma yake mbingu ya buluu, pembeni maua mekundu.

Macho ya Nuwa yalikwenda kwenye buluu bila kutumwa. Siku nzima yalikuwa yakifanya hivyo. Aliitafuta mbingu yote ya Danieri kutoka juu hadi chini. Hakukuwa na uzi.

"Mama, bango hili hakulichapa Danieri."

Alisi alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Atachapaje bango ya mazishi yake mwenyewe, afande?"

"Wala Evas?"

"Nimekwambia mashine haiguswi. Ilifunikwa siku ile ile. Mchapaji ya watu wote akazikwa na bango ya watu wengine. Iliniuma, lakini ndiyo hivyo."

Nuwa aliingia sebuleni na mikono inayochuruzika maji. Aliyaangalia maua. Wekundu wa kila ua ulikuwa umechanika, mistari mitatu karibu karibu, kisha nafasi, kisha mitatu tena. Akatoa kipande cha stika kwenye bahasha, akakiweka juu ya ua. Mitatu karibu karibu, kisha nafasi, kisha mitatu. Ililingana kama kisahani na kikombe chake.

Sasa aliikumbuka sauti ya Ashiraf kwenye simu: wekundu wake hautaki kuja tangu mvua ianze.

"Mama," alisema polepole, "nani alilileta bango hili?"

"Benon. Alileta kwa mazishi, rambirambi yake. Ilitangazwa mbele ya watu, wakampigia makofi. Mimi mwenyewe nilimshukuru."

Nuwa aliketi kwenye kiti cha sebuleni, akiwa na shati lililolowa wino. Alihisi furaha ya kitoto, akajizuia asicheke mbele ya picha ya marehemu.

"Wasingya, mama," alisema, neno lake moja.

*

Benon aliitwa ndani. Aliingia akitabasamu, akamwamkia Alisi kwa adabu, akakwepa kumtazama Evas.

"Bwana Benon," alisema Nuwa, "nina maswali mafupi kabla hujapanda gari. Ulimwona huyu akichapa hapa?"

"Nilimuona na macho yangu. Huyu mutoto iko anachapa, mimi niko nasimama pale. Siku ya soko."

"Shuka lilikuwa wapi?"

"Shuka gani?"

"Endelea. Stika zilitokea upande gani wa mashine?"

"Upande wa nyuma, shefu. Zilianguka kule kwa ukuta."

Evas aliguna. Hata askari mlinzi, aliyeiona mashine ikifanya kazi mara moja tu maishani mwake, alitazama upande wa mbele ambako karatasi ya majaribio bado ilining'inia.

"Tuache hayo," alisema Nuwa. "Nataka kukupongeza. Nimeona bango la mazishi ulilomletea marehemu. Limenigusa."

Benon alilegea. "Ah, shefu. Danieri alikuwa mutu wa watu. Nilisema siwezi kuja mikono mitupu."

"Ni wewe mwenyewe uliyelileta?"

"Ni mimi. Uliza mama."

"Watu wote walisikia," alisema Alisi.

"Lilichapwa wapi?"

Benon alisita kidogo tu. "Kampala. Kuko mutu wangu kule."

"Kampala. Vizuri." Nuwa alitoa simu, akaiweka juu ya mashine, akabonyeza sauti ya nje. Iliita, ikapokelewa. "Ashiraf, ni Nuwa. Ile mashine ya Katunguru, uliyosema wekundu hautaki. Ni ya nani?"

"Ya Benon, yule wakala wa Mpondwe," ilijibu sauti ya fundi, safi, duka zima likisikia. "Iko kwenye stoo ya samaki hapa karibu na daraja. Ukimwona mwambie nimemaliza mirija, lakini kichwa chake kina matundu yaliyokufa. Na amwambie mtu wake aondoe hizi stika zilizomwagika, zinanasa kwenye viatu vyangu."

"Stika za nani?"

"Za Mkono wa Faraja. Hivi siku hizi yuko kwenye mambo ya msaada?"

Benon aligeuka mlangoni, akakuta askari mlinzi ameshafika pale kabla yake.

"Asante, Ashiraf," alisema Nuwa. "Kaa hapo hapo, usiguse kitu tena."

"Mama Alisi," alianza Benon, "mimi nilileta bango na roho safi, wallahi..."

"Nilikushukuru mbele ya watu," alisema Alisi. "Ulikula chakula ya mazishi kwa nyumba yangu. Halafu ukanifungia mtoto."

Benon aliinamisha kichwa.

"Sajini," alisema Lillian, "pingu."

"Ziko kwa Evas, afande."

"Basi ziko mahali pabaya."

Alizifungua yeye mwenyewe, akipiga goti moja chini ya benchi na sare yake iliyopigwa pasi, na ndizo hizo hizo zilizofungwa mikononi mwa Benon. Gari la polisi lingeondoka jioni ile kama lilivyopangwa, ila lingefika njia panda ya Kikorongo likate kulia kwenda Katunguru. Lillian alimwita Evas, akamwambia ataletewa vitu vyake kutoka kituoni, na kwamba maelezo ya kumwachilia atayaandika kwa mkono wake. Halafu, bila kumtazama usoni, akaongeza, "Pole, binti."

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, na Nuwa alilizunguka kidogo kabla ya kulisema.

"Mama, lile bango la sebuleni ni kielelezo. Lazima niondoke nalo."

Alisi alikubali kwa kichwa, lakini machozi ambayo hakuyatoa siku nzima yalimjia sasa. Lilikuwa la mwongo, ndiyo, na lilikuja kwa njia ya mwongo. Lakini ndiyo picha kubwa pekee aliyokuwa nayo, na kila asubuhi alipoamka alikuwa akiisalimia.

"Ukuta itabaki tupu," alisema.

Evas alikuwa amesimama kando ya mashine, akisugua kifundo cha mkono kilichobaki na alama ya chuma. Aliwatazama wote wawili.

"Ichukue, afande," alisema. "Baba nitamchapa mwenyewe."

Akavuta kiti cha baba yake, akakaa, akawasha kompyuta. Akaingiza turubai jipya kwenye mashine, akalinyoosha kwa viganja, akageuka kwa mama yake.

"Mama, tuweke gani?"

Alisi alijifuta macho kwa mkono wa gauni. Alisogea mpaka nyuma ya kiti, akainama kutazama picha zikipita moja moja kwenye kioo, akanyoosha kidole.

"Ile anacheka," alisema. "Weka ile anacheka."